Mofini kwa saa: kutuliza maumivu ya mgonjwa wa saratani ya matiti aliyelazwa wodini

Ukifungua faili la mgonjwa wa saratani ya matiti anayelia usiku, mara nyingi utakuta dawa ya maumivu imeandikwa. Imeandikwa tramadoli "akihitaji", au diklofenaki ya sindano "akilalamika", au mofini ya maji "mara tatu kwa siku". Dawa ipo, saa zake ndizo zilizokosewa. Mofini ya maji inafanya kazi kwa saa 4 hivi. Ukiigawa mara tatu kwa siku, nusu ya siku mgonjwa ana nafuu na nusu nyingine hana kitu, na sehemu kubwa ya hiyo nusu tupu huangukia usiku, wakati wauguzi wodini ni wachache.

Maelezo haya ni ya wauguzi, matabibu na wafamasia wa wodini. Ndugu anayeuguza naye atapata ya kwake, hasa mwishoni. Dozi zote ni za mtu mzima. Kuandika mofini ni kazi ya mwenye ruhusa ya kisheria, na Uganda tangu 2004 ruhusa hiyo wanayo pia wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa wa ugonjwa mzito.

Kuuliza maumivu

Mama wa makamo akiulizwa na daktari wa raundi "unaendeleaje, mama?" atajibu "namshukuru Mungu", kwa kuwa ndiyo adabu ya kujibu. Jibu hilo lisigeuzwe kwenye faili kuwa "hana maumivu". Mrudie baada ya raundi, kaa, umwombe aonyeshe kwa vidole: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Uliza mara mbili, akiwa ametulia na akiinua mkono au akikohoa. Mgonjwa wa vidole viwili akitulia na vitano akigeuzwa hatasaidika sana kwa kuongezewa dozi za siku nzima. Huyo anahitaji dozi ya kutangulia kabla hajageuzwa. Andika idadi ya vidole na saa, pembeni ya joto la mwili na mapigo ya moyo, ili zamu inayofuata ione.

Sikiliza pia maneno anayotumia, maana ndiyo yanayochagua dawa. "Panapwita, kama jipu" ni nyama zilizovimba au uambukizo. "Panawaka moto", "kama sindano", "kama umeme", "kuna ganzi lakini panauma" ni mishipa ya fahamu. "Mfupa unakeketa, nikigeuka ndio balaa" ni mfupa. "Ubavu wa kulia unabana, nikila kidogo nashiba" mara nyingi ni ini lililovimba. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na maumivu ya aina tatu kwa pamoja. Chora mwili wa mtu kwenye faili uweke alama kila sehemu.

Kuna maumivu yasiyosubiri raundi ya kesho. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala chali au akikohoa, miguu kulegea, ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, mkojo kukataa kutoka: hapo saratani huenda inakandamiza uti wa mgongo. Mlaze, daktari aitwe sasa hivi, apewe deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe, miligramu 16 siku hiyohiyo, na simu ipigwe kwenye kituo cha mionzi. Anayefika bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kwa siku kadhaa, mara chache miguu hurudi.

Parasetamoli na diklofenaki

Ngazi ya hatua tatu ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 1986, ilizoesha watu kuanza chini na kupanda taratibu. Mwongozo wa shirika hilohilo wa 2018 hauhitaji hivyo: dawa ya kuanzia hufuata ukali wa maumivu. Mgonjwa wa vidole vinne au vitano anaanza na mofini leo. Kumpitisha kwanza kwenye parasetamoli, halafu wiki moja ya tramadoli, ni kumchelewesha bure.

Parasetamoli hata hivyo haiondolewi. Inasaidiana na mofini. Dozi ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mgonjwa aliyekonda chini ya kilo 50 anapigiwa hesabu ya miligramu 15 kwa kila kilo. Wa kilo 40 ni miligramu 600, kwa hiyo kidonge kimoja cha 500 kinatosha, na viwili ni vingi mno kwake. Ini likiwa limeshambuliwa, gramu 2 kwa siku ndio mwisho. Waulize ndugu wameleta nini kutoka dukani, kwa sababu dawa nyingi za mafua na za kichwa zina parasetamoli ndani, na nyingine zina aspirini juu yake.

Jambo moja husahauliwa mno kwa wagonjwa wa tibakemikali: parasetamoli inashusha homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ya tibakemikali, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka, na homa inaweza kuwa dalili pekee ya uambukizo unaoua ndani ya saa chache. Pima joto kabla ya kila dozi. Likifika 38, daktari aitwe, damu ichukuliwe na antibayotiki ya mshipani ianze. Parasetamoli itolewe baada ya joto kuandikwa. Katika kipindi hicho pia usitumie dawa za kuingiza njia ya haja kubwa wala enema.

Ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya chakula, au diklofenaki miligramu 50 kila saa 8, zinafanya vizuri kwenye mfupa na kwenye uvimbe. Ni moja kati ya hizo, kamwe si zote mbili. Kabla ya kuanza angalia vitu vitatu kwenye faili: kreatinini (kipimo cha figo), idadi ya chembe sahani za damu (zinazogandisha damu), na historia ya vidonda vya tumbo. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000, figo zikiwa zimedhoofu, au mgonjwa akiwa anapewa sisplatini (tibakemikali inayoumiza figo), dawa hizi ziachwe. Akiwa anatumia deksamethasoni pia, tumbo linaweza kutoka damu. Kama ni lazima zitumike pamoja, ongeza omeprazoli, dawa ya kulinda tumbo, miligramu 20 kwa siku. Sindano ya diklofenaki ya takoni, ambayo wodi nyingi huiona ndiyo dawa "yenye nguvu", haina nguvu kuliko kidonge kwa mgonjwa anayeweza kumeza, na kwa mwenye chembe sahani chache inaacha bonge la damu ndani ya msuli.

Tramadoli na kodeini zina nafasi ndogo. Tramadoli mwisho wake ni miligramu 400 kwa siku. Ukifika hapo na maumivu bado yapo, hakuna pa kwenda ila mofini. Kodeini yenyewe haitulizi maumivu mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na kazi hiyo inatofautiana mtu na mtu: wengine haigeuki kabisa, wengine hugeuka kwa kasi ya hatari. Ethiopia ni miongoni mwa nchi ambako wenye mgeuko wa kasi ni wengi. Mofini ya kiasi kidogo ni rahisi kuitabiri kuliko zote mbili. Ukianza mofini, simamisha tramadoli au kodeini siku hiyohiyo.

Mofini ya maji: kuanza

Mofini ya maji inachanganywa kutoka unga. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na Dkt. Anne Merriman, ndiyo iliyoonyesha Afrika Mashariki kwamba inaweza kutengenezwa kwa bei nafuu. Ina nguvu tofauti, na nguvu hizo mara nyingi hutofautishwa kwa rangi. Usiamini rangi peke yake, kwa kuwa kila mtengenezaji ana zake. Soma lebo: miligramu ngapi ndani ya mililita ngapi, ilichanganywa lini, inaisha lini.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote linapotokea. Chupa ya miligramu 5 kwa mililita 5 ina miligramu 1 katika kila mililita. Chupa ya miligramu 50 kwa mililita 5 ina 10 katika kila mililita. Muuguzi aliyezoea ya kwanza akishika ya pili na kumimina "mililita 5 kama kawaida", ametoa mara kumi. Kwa hiyo daktari aandike miligramu, muuguzi aandike pembeni mililita na nguvu ya chupa, mwenzake ahakiki, na wote wawili wasaini daftari la dawa za kulevya. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Dozi ya kuanzia kwa ambaye hajatumia dawa za jamii ya mofini ni miligramu 5 kila saa 4. Mzee, aliyedhoofu sana au mwenye figo dhaifu aanze na 2.5. Aliyekuwa kwenye tramadoli 400 kwa siku anaweza kuanza na 5 bila wasiwasi. Saa zake ni hizi:

Saa 12 asubuhi, miligramu 5
Saa 4 asubuhi, miligramu 5
Saa 8 mchana, miligramu 5
Saa 12 jioni, miligramu 5
Saa 4 usiku, miligramu 10

Dozi ya saa 4 usiku inarudufiwa ili mgonjwa alale bila kuamshwa saa 8 usiku. Usiirudufu kwa mzee dhaifu wala kwa mgonjwa wa figo. Huyo aamshwe, apewe dozi yake ya kawaida.

Pamoja na dozi za saa, iandikwe ya dharura: kiasi kilekile cha dozi ya kila saa 4, hapa miligramu 5, kwa maumivu yanayochomoza katikati. Mofini ya kunywa huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi 30 na hufika kileleni kama saa moja, hivyo dozi ya dharura inaweza kurudiwa baada ya saa moja. Kutoa dozi ya dharura hakuondoi dozi ya saa inayofuata. Dharura ya saa 3:30 asubuhi haifuti ya saa 4. Wauguzi wengi wanaogopa hapa, wanaruka dozi, na maumivu yanarudi adhuhuri makali kuliko ya asubuhi. Akitapika ndani ya dakika 30 baada ya kunywa, rudia dozi.

Kuongeza dozi kwa hesabu

Kila asubuhi jumlisha mofini yote ya saa 24 zilizopita. Mfano: dozi za saa ni miligramu 30 kwa siku, na mgonjwa alichukua dharura tatu za 5, jumla 45. Gawanya kwa 6: dozi mpya ni miligramu 7.5 kila saa 4, 15 saa 4 usiku, na dharura mpya nayo ni 7.5. Kwa chupa ya 1 kwa mililita hiyo ni mililita 7.5, kwa chupa ya 10 kwa mililita ni mililita 0.75. Watu husahau kupandisha ya dharura. Mgonjwa aliyefika 30 kila saa 4 akipewa dharura ya 5, hatasikia chochote.

Dozi zilizotolewa kabla ya kufunga kidonda au kabla ya kuogeshwa usizitie kwenye jumla hiyo. Ukizitia utampandishia mtu dozi ya siku nzima kwa sababu ya maumivu ya nusu saa, na atasinzia siku nzima. Kuongeza kwa theluthi hadi nusu kwa siku ni kawaida. Zaidi ya hapo, mwite mwenye uzoefu.

Mofini haina kiwango cha mwisho kama tramadoli. Mwisho wake ni pale maumivu yanapotulia au madhara yanapoanza kumshinda mgonjwa. Kama umepandisha mara tatu na maumivu hayajasogea, kuongeza mara ya nne ni kubahatisha. Rudi ukaulize upya. Yaelekea ni mishipa ya fahamu, au mfupa uliovunjika, au jipu, au dozi haziingii mdomoni kama chati inavyodai.

Mgonjwa asiyeweza kumeza hapewi dozi ileile kwa sindano. Dozi ya sindano ni theluthi ya dozi ya kunywa: anayekunywa 10 kila saa 4 anachomwa kama 3, chini ya ngozi au mshipani. Kanula ndogo ya kubakishwa chini ya ngozi ya tumbo au ya kifua upande usio na ugonjwa inamwepusha kuchomwa mara sita kwa siku. Mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapani uachwe inapowezekana. Kwa aliyefika wodini akipiga kelele kwa maumivu, daktari atoe miligramu 1 hadi 2 mshipani polepole, arudie kila dakika 10 huku akihesabu pumzi, mpaka uso ukunjuke. Kisha ratiba ya kunywa ianze.

Pethidini isitumike kwa maumivu ya saratani. Inaisha ndani ya saa mbili au tatu, na mabaki yake yanajikusanya mwilini na kuleta degedege. Kiraka cha fentanili nacho si cha kuanzia: kinachukua saa 12 hadi 24 kuanza kazi, na hata kile cha mikrogramu 25 kwa saa kinalingana na mofini ya kunywa ya miligramu 60 hadi 90 kwa siku. Ni cha mgonjwa ambaye maumivu yake yametulia na dozi yake inajulikana. Vidonge vya mofini vinavyofanya kazi kwa saa 12 visitwangwe wala kutafunwa; dozi ya nusu siku itamwagika mara moja.

Choo, kichefuchefu, usingizi

Siku ya kwanza ya mofini ndiyo siku ya kwanza ya dawa ya choo. Bisakodili miligramu 5 hadi 10 kila usiku, iongezwe mpaka choo kipatikane angalau kila siku mbili. Mwili huzoea kichefuchefu na usingizi, lakini choo kigumu hauzoei kamwe. Siku tatu bila choo, daktari amkague njia ya haja kubwa kwa kidole (isipokuwa kama chembe za damu zimeshuka). Maharage na mboga bila maji ya kutosha huzidisha kuziba. Wagonjwa wengi wanaokataa mofini wiki ya pili hawakatai mofini. Wanakataa tumbo lililojaa mawe.

Kichefuchefu hutokea kwa baadhi yao na huisha siku ya tatu hadi ya tano. Metoklopramidi miligramu 10 mara tatu kwa siku, au haloperidoli 1.5 usiku, zinatosha. Metoklopramidi isitumike kama utumbo umeziba. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi ni deni la wiki kadhaa za kukosa kulala. Mgonjwa anayeamka ukimwita, akajibu, akarudi kulala, mwache alale, ila hesabu pumzi.

Kuchanganyikiwa si lazima kuwe ni mofini. Saratani ya matiti iliyoingia mifupani inapandisha kalsiamu kwenye damu, na dalili zake ni zilezile watu wanazozilaumia mofini: choo kigumu, kiu, kukojoa mara kwa mara, usingizi, maneno yasiyoeleweka. Pima kalsiamu na kreatinini kabla ya kushusha dawa.

Dalili za mofini iliyozidi huja kwa mpangilio. Kwanza mishtuko midogo ya misuli na ndoto za ajabu. Kisha kuamka kwa shida. Mwisho pumzi kupungua. Sababu huwa chache: chupa iliyokosewa, figo zilizoacha kufanya kazi (mabaki ya mofini hutoka kwa mkojo), diazepamu iliyoongezwa juu yake, au maumivu yaliyoondolewa ghafla kwa mionzi au ganzi huku dozi ikibaki ileile. Pumzi zikiwa chini ya 8 kwa dakika na mgonjwa haamki, mpe oksijeni, umwite daktari, chukua naloksoni, dawa inayozima kazi ya mofini, ampuli ya miligramu 0.4, izimue mpaka mililita 10 kwa maji ya chumvi, toa mililita 1 hadi 2 mshipani kila dakika mbili mpaka pumzi zipande. Usimsukume ampuli nzima kwa mkupuo. Ataamka na maumivu yote kwa wakati mmoja. Naloksoni inaisha kabla ya mofini, kwa hiyo kaa naye saa kadhaa. Kwa anayepumua 12 kwa dakika na kuitika akiitwa, naloksoni haihitajiki. Ruka dozi moja, shusha zinazofuata, tafuta sababu.

Mishipa ya fahamu, na tahadhari ya tamoksifeni

Baada ya kukatwa titi na kusafishwa kwapa, wengine hubaki na moto au ganzi upande wa ndani wa mkono wa juu, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi hiyo unapita kwapani. Paklitakseli, dawa ya tibakemikali, nayo inaleta ganzi na kuchoma vidoleni. Hapa mofini peke yake haitoshi. Amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku, ikipandishwa polepole, inasaidia pia usingizi; mdomo utakauka, na mzee anaweza kuanguka akiamka kwenda msalani. Gabapentini inaanza na 300 usiku, inaongezwa kwa 300 kila baada ya siku moja hadi tatu. Figo dhaifu, dozi ndogo. Zote zinachukua siku hadi wiki kadhaa, na mgonjwa aambiwe mapema asije akaacha siku ya tatu.

Tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni inayolisha saratani ya matiti, inahitaji kimeng'enya kilekile cha ini kinachogeuza kodeini. Fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona, hukizuia kwa nguvu, na hivyo hupunguza nguvu ya tamoksifeni huku zikiua nguvu ya kodeini na tramadoli. Duloksetini hufanya hivyo kwa kiasi. Mfamasia apitie orodha nzima ya dawa, zikiwemo alizokuja nazo kwenye mkoba. Tramadoli pamoja na dawa hizi za sonona au na amitriptilini inaweza pia kuleta jasho, kutetemeka na degedege.

Mfupa, ini, kidonda

Maumivu ya mfupa yana dawa iliyo bora kuliko chupa: mionzi. Dozi moja ya Grei 8 (Grei ni kipimo cha mionzi) inatuliza sawa na mikupuo mingi, jambo la maana sana kwa mgonjwa aliyetoka mkoani kwenda hospitali zenye mionzi za Ocean Road (Dar es Salaam) au Bugando (Mwanza) na hana pa kukaa mjini. Siku za mwanzo maumivu yanaweza kupanda. Nafuu huja kwa wiki chache. Ikija, punguza mofini kwa robo kila baada ya siku kadhaa, usiikate ghafla. Asidi zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, miligramu 4 mshipani kwa muda usiopungua dakika 15 inapunguza mivunjiko na maumivu. Kwanza kreatinini ipimwe na meno yakaguliwe. Homa na mwili kuuma baada ya dripu ya kwanza ni kawaida.

Ini lililovimba linatulia kwa deksamethasoni miligramu 4 hadi 8, itolewe asubuhi ili isimkeshe, na sukari ipimwe.

Kidonda cha titi kilichofunguka ni habari nyingine. Mpe dozi ya dharura ya mofini nusu saa kabla ya kugusa bandeji, na usimamie hiyo nusu saa hata kama troli iko tayari. Lowesha bandeji kwa maji ya chumvi mpaka iachie yenyewe. Kuibandua kavu kunaleta damu na woga wa kesho. Vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kunyunyizwa juu vinapunguza harufu, na harufu ndiyo inayomfanya mgonjwa ageukie ukutani wageni wakija. Weka gozi isiyonata, kisha pedi ya kunyonya maji.

Kwa aliyetoka upasuaji, parasetamoli ya kila saa 6 na mofini kwa siku za mwanzo zinatosha wengi. Diklofenaki ianze daktari mpasuaji akiridhika kwamba damu imekauka. Maumivu yakipanda ghafla na kifua kikijaa na kukaza upande uliopasuliwa, usiongeze mofini kwanza. Angalia chupa ya mrija unaotoa maji ya kidonda, umwite mpasuaji. Huenda damu inajikusanya ndani.

Kurudi nyumbani

Ndugu wengi wamesikia kwamba mofini ni dawa ya kufia. Waambie waziwazi: "Mama anapewa kwa sababu ya maumivu. Wapo wanaoitumia kwa miezi na miaka huku wakipika na kwenda sokoni. Maumivu yakiisha, tunaipunguza." Mwili kuizoea si uteja.

Ruhusa isitolewe mpaka chupa, bomba la kupimia na dawa ya choo ziwe mkononi, na dozi za kutosha mpaka siku ya kliniki, pamoja na za dharura. Mwambie anayeuguza apime dozi mbele yako, kwa mkono wake.

Kisha andika saa kwa Kiswahili. Chati ya wodi ina 06:00, 10:00, 14:00, 18:00, 22:00. Ukimnakilia hivyo, nyumbani 10:00 itasomwa saa kumi, na dozi ya saa 4 asubuhi itanywewa saa kumi alasiri. Andika "saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku", chora jua na mwezi kwa asiyesoma. Chupa ikae kabatini mbali na watoto na mbali na jua. Ikibaki mofini ambayo haitumiki tena, irudishwe famasi ya hospitali, isimwagwe wala kugawiwa jirani mwenye maumivu yake.